Barua ya wazi kwa wakuu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya: bajeti ianzie kabatini

Kwa Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi. Kwa Mkurugenzi Mkuu. Kwa Waziri mwenye dhamana ya utamaduni na turathi. Na kwenu wabunge mnaopitisha makadirio ya fedha zake.

Waheshimiwa,

Kati ya mwaka 1978 na 1980, watu waliokuwa wakichimba visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe, pale Meswa Bridge, magharibi mwa Kenya, walitoa ardhini kipande kikubwa cha taya, meno na mifupa mingine michache ya mnyama mla nyama. Mifupa ikaletwa Nairobi, ikasafishwa, ikaandikwa namba, ikatiwa kwenye droo. Ikakaa humo miaka na miaka. Kisha mtafiti kutoka Marekani, Matthew Borths, aliyekuja kuangalia visukuku vingine, akaifungua droo ile na kukutana na meno makubwa ajabu. Mwaka 2019 yeye na mwenzake Nancy Stevens wakatangaza mnyama mpya kwa sayansi: mla nyama aliyeishi zaidi ya miaka milioni 20 iliyopita, mkubwa kuliko dubu mweupe wa ncha ya kaskazini, wa ukoo ambao umekwisha kabisa duniani. Wakampa jina la Simbakubwa kutokaafrika, ingawa simba si jamaa yake hata kidogo.

Habari ilipotoka, mitandaoni watu walifanya mzaha. Inakuwaje mnyama wa ukubwa huo apotee ndani ya jengo la serikali? Mwenzangu mmoja ofisini mwa walimu alisema hata mafaili ya ardhi hayajawahi kupotea hivyo. Nilicheka nao, lakini mzaha wenyewe haukuwa wa haki. Taya lile halikupotea. Lilikuwa na namba, lilikuwa na mahali pake, na kwa karibu miaka 40 kulikuwa na watu waliohakikisha kwamba maji ya mvua hayalifikii, kwamba kibandiko chake hakitenganishwi nalo, na kwamba anayeliomba kwa namba atalipata. Sifa ilikwenda kwa waliofungua droo, na waliistahili. Mimi ninawaandikia kwa ajili ya walioifunga vizuri.

Ombi langu ni hili. Kabla hamjapitisha shilingi ya ukumbi mpya, lango jipya au mkahawa, hakikisheni kwamba kila chumba cha nyuma kinachotunza vielelezo kina fundi wake, na kila fundi ana kijana anayejifunza kando yake, aliyeajiriwa, mwenye mshahara, kabla mkubwa hajastaafu.

Mimi ni mwalimu wa Biolojia wa shule ya upili. Kama walimu wengi nchini, nimepanda na mabasi ya wanafunzi kuja kwenye jengo lenu la Museum Hill, Nairobi, nimewahesabu mlangoni, nimewapigia kelele wasiguse. Tunaona ndege waliopangwa ukutani, tunaona wanyama wakubwa, tunapiga picha na sanamu ya ndovu Ahmed kule uani, kisha tunarudi kwenye basi. Ni ziara nzuri na sina la kuilalamikia. Ila ukumbi ni sebule. Anayetaka kujua nyumba inakula nini lazima aende jikoni. Nilibahatika kupitishwa jikoni huko na mtu wa kazi hiyo, na tangu hapo sifundishi somo la uainishaji wa viumbe kama nilivyokuwa nikilifundisha.

Nianze na ndege. Wale wa ukumbini wamesimamishwa, wana macho ya kioo, wanaonekana kama wataruka. Wale wa kabatini hawafanani nao. Wamelala chali, safu kwa safu, mabawa yamebanwa ubavuni, miguu imepishanishwa na kufungwa uzi, na pale palipokuwa na jicho pana pamba nyeupe tu. Kwenye mguu kuna kibandiko kidogo: mahali, tarehe, jina la aliyemkamata, dume au jike. Fundi hupasua tumbo kwa mkato mmoja, hutoa mwili wote kupitia hapo, hukwangua mafuta, hupaka dawa, hujaza pamba kwa umbo lilelile, kisha hushona. Ukikosea mafuta, manyoya yataoza au kubadilika rangi baada ya miaka michache. Zamani dawa yenyewe ilikuwa arseniki, ndiyo maana ndege wa zamani hushikwa kwa glavu mpaka leo. Ndege asiye na kibandiko, hata awe mzuri namna gani, ni pambo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sijui msemo unaofaa zaidi kubandikwa kwenye mlango wa chumba kile.

Wadudu nao wana adabu zao. Kipepeo huchomwa pini katikati ya kifua. Mbawakawa hachomwi katikati. Pini hupita kwenye ubawa mgumu wa kulia, ili upande wa kushoto ubaki mzima na alama zote za mwili zisomeke. Chini yake, kwenye pini hiyohiyo, huchomekwa vikaratasi viwili vitatu vyenye maandishi madogo kiasi kwamba mzee wa umri wangu anahitaji kioo. Na adui wa mkusanyo wote huo ni mdudu mwingine, mbawakawa mdogo kuliko punje ya mchele ambaye mabuu yake hula ngozi, manyoya na wadudu wakavu. Akiingia kwenye sanduku na asionekane kwa miezi kadhaa, utafungua ukute unga na pini zimesimama peke yake. Kwa hiyo kitu kipya hugandishwa kwanza kwenye friza kwa siku kadhaa kabla ya kuingia, na masanduku hukaguliwa kwa zamu mwaka mzima. Kichekesho ni kwamba jamaa wa mdudu huyohuyo hufugwa kwa makusudi katika makumbusho nyingi duniani: hupewa mizoga wakatafuna nyama yote na kuacha mifupa safi, hata ile ya popo ambayo hakuna kisu kinachoiweza.

Nyoka, vyura na samaki hukaa kwenye chupa za alkoholi. Alkoholi hupungua hata chupa ikiwa imefungwa, basi lazima mtu apite akiangalia kiwango na kuongeza. Akiacha kupita, chura aliyekaa humo tangu enzi za mkoloni anakauka na kuwa kitu cha kutupwa. Kazi hii haina ufunguzi, haina utepe wa kukatwa, na nadhani ndiyo maana huwa ngumu kuiombea fedha.

Historia ya nyumba hii mnaijua kuliko mimi, kwa hiyo nitapita haraka. Jumuiya ya wapenda elimu ya viumbe ya Afrika Mashariki na Uganda iliundwa mwaka 1909, na makumbusho ikaanza mwaka uliofuata pale iliposimama Nyayo House leo. Walikuwa walowezi, wamishonari na maofisa wa serikali wenye nafasi ya kukimbiza vipepeo, na Frederick Jackson, mtaalamu wa ndege, alikuwa miongoni mwao. Mwaka 1914 akaletwa Arthur Loveridge, kijana Mwingereza wa mambo ya nyoka na mijusi, awe mtunzaji. Mwaka 1922 wakahamia jengo kubwa zaidi, na tarehe 22 Septemba 1930 likafunguliwa jengo la kilimani kwa jina la Gavana Robert Coryndon, aliyekuwa amefariki mwaka 1925. Baada ya uhuru ikawa Makumbusho ya Taifa. Ikafungwa mwaka 2005 kwa ukarabati mkubwa, ikafunguliwa tena 2008. Katika miaka hiyo yote majengo yamebadilika, majina yamebadilika na bendera imebadilika, lakini ngozi ya ndege iliyosajiliwa vizuri bado inasomeka. Vibandiko vya zamani huandikwa jina la bwana mwenye msafara. Wachunaji na wapagazi Waafrika mara nyingi hawamo.

Kamoya Kimeu alivunja desturi hiyo, na ninaomba mtafakari alivyofundishwa. Alianza mwaka 1960 kule Olduvai, Tanganyika, kwa akina Leakey, familia ya watafiti wa visukuku, kama kibarua wa kuchimba. Hakupita chuo kikuu. Alijifunza kwa kukaa na wanaojua, akajua kutofautisha mfupa na jiwe kwa rangi na mng'ao, mpaka akawa kiongozi wa kikosi ambacho wasomi wa dunia walikitegemea. Mwaka 1964 akaliona taya la Peninj karibu na Ziwa Natron, upande wa Tanzania. Mwezi Agosti 1984, wenzake wakiwa wamepumzika, alitoka kutembea kando ya mto mkavu wa Nariokotome na kuona kipande cha fuvu kisichozidi kiberiti, chenye rangi ileile ya kokoto zilizokizunguka. Ndicho kilichowapeleka kwa yule kijana wa Turkana, mifupa ya karibu mwili mzima yenye umri wa takriban miaka milioni 1.5. Rais wa Marekani alimkabidhi medali mwaka uliofuata. Mzee alifariki mwaka 2022.

Namba ya kijana yule ni KNM-WT 15000. KNM ni makumbusho yetu, WT ni Turkana Magharibi. Fuvu maarufu la mwaka 1972, aliloliona Bernard Ngeneo, ni KNM-ER 1470, na ER ni East Rudolf, kwa kuwa Ziwa Turkana lilikuwa bado linaitwa Rudolf. Jina la ziwa limebadilika, namba haikuguswa, na haipaswi kuguswa, maana kila andiko la kitaalamu duniani linaitaja hivyo. Fuvu hilo la 1470 lilikuja likiwa zaidi ya vipande 150. Meave Leakey na wenzake waliyachekecha mavumbi, wakaviosha, wakakaa wiki kadhaa wakijaribu kipande hiki na kile hadi uso ukatokea. Fundi wa visukuku hutumia sindano, vyombo kama vya daktari wa meno, gundi inayoweza kuyeyushwa tena siku za usoni, na darubini. Anaweza kukaa siku nzima kwenye eneo la ukubwa wa ukucha. Hakuna kitabu kitakachomfundisha kijana kiasi gani cha nguvu jino la miaka milioni 20 linaweza kustahimili. Anafundishwa na mkono wa mtu aliye hai, na mkono huo una tarehe ya kustaafu iliyoandikwa kwenye faili la utumishi.

Najua swali litakaloulizwa kwenye kamati: vitu hivi vyote vya kabatini vina faida gani kwa mlipa kodi? Jibu ni kwamba waliovikusanya hawakujua, na hilo si kosa lao. Kule Uingereza waliokusanya mayai ya kozi zamani walikuwa wakijifurahisha tu. Mwaka 1967 Derek Ratcliffe aliyapima maganda ya mayai hayo ya makabatini na kuonyesha kwamba yalianza kuwa membamba ghafla baada ya vita vya pili vya dunia, wakati dawa ya kuua wadudu ya DDT ilipoanza kumwagwa mashambani. Bila mayai ya zamani asingekuwa na cha kulinganisha. Na Marekani, ugonjwa wa kutisha wa virusi vya hanta ulipozuka mwaka 1993 kusini magharibi mwa nchi, vipande vya panya vilivyokuwa vimehifadhiwa na makumbusho ya chuo kikuu huko New Mexico vilisaidia kuonyesha kwamba virusi hivyo havikuwa vipya. Vilikuwa ndani ya panya muda wote. Aliyewagandisha panya wale miaka ya nyuma hakuwa akifikiria ugonjwa wowote.

Mkusanyo wa mimea nitautaja peke yake kwa sababu si wetu peke yetu. Ulianzia Amani, kwenye milima ya Usambara huko Tanganyika, mwaka 1902 chini ya Wajerumani, na ukahamishiwa Nairobi mwaka 1950. Unaitwa wa Afrika Mashariki mpaka leo, na una karatasi zinazokaribia milioni moja. Kila karatasi ina mmea mmoja uliokaushwa kati ya magazeti, ukabandikwa au kushonwa, na pembeni maelezo: ulikua kwenye mwinuko gani, udongo gani, ua lilikuwa na rangi gani likiwa bichi, wenyeji wanauitaje. Juu ya karatasi za namna hii, za Nairobi na za kwingineko, ndipo lilipojengwa andiko kuu la mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania, lililotoka sehemu kwa sehemu kuanzia 1952 hadi 2012 na kufikisha aina 12,104. Miaka 60! Mkulima wa Lushoto na mganga wa Mbale wana fungu katika makabati hayo sawa na mimi wa Machakos. Mkiyaacha, mtakuwa mmeacha amana ya majirani.

Sasa moto. Usiku wa tarehe 2 Septemba 2018 uliungua mjengo wa Makumbusho ya Taifa ya Brazil, Rio de Janeiro, taasisi iliyokuwa imetimiza miaka 200 mwaka huohuo. Ilikuwa na vitu takriban milioni 20, na sehemu kubwa iliteketea, wakiwamo wadudu karibu wote. Wachunguzi walisema moto ulianzia kwenye kiyoyozi. Wazima moto walipofika, mabomba ya karibu hayakuwa na maji ya kutosha. Miaka minane kabla yake, mwaka 2010, taasisi ya Butantan huko São Paulo ilipoteza nyoka zaidi ya 70,000 waliokuwa kwenye alkoholi, na alkoholi ndiyo iliyoukoleza moto. Mwaka 2016 iliungua makumbusho ya viumbe ya New Delhi. Lakini kule Rio mimea na wanyama wenye uti wa mgongo walinusurika, kwa sababu rahisi kabisa: walikuwa kwenye jengo jingine, mbali na mjengo ule ulioungua. Mwenye kuamua mwaka fulani wa nyuma kwamba wahamishwe pengine alilaumiwa kwa gharama. Naomba ripoti ya ukaguzi wa moto wa vyumba vya nyuma iwe ya kwanza kusomwa katika kila kikao cha Bodi, kabla ya takwimu za wageni, na vyumba vya chupa vitengwe na vingine kwa ukuta na mlango unaostahimili moto.

Mtasema fedha. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya Taifa ya mwaka 2006 inawapa kazi ya kuhifadhi, si kuonyesha tu. Tengeni fungu la kila tiketi inayokatwa mlangoni, fungu dogo lenye akaunti yake, lisiloguswa kwa semina wala kwa magari, liwe la alkoholi, friza, vibandiko, kabati zisizopitisha wadudu na posho ya wanaojifunza. Mimi kama mwalimu niko tayari kuwaeleza wazazi kwa nini tiketi ya mtoto imepanda kidogo, na nitawaeleza kwa kuwaonyesha picha ya taya la Meswa Bridge. Upigaji picha wa vielelezo na kuviweka kwenye kompyuta ni jambo jema, endeleeni nalo. Ila msiuze wazo kwamba picha inatosha. Ganda la yai halipimwi unene kwenye picha.

Na watu waone. Ukarabati ujao, kata ukuta mmoja uweke kioo, upande wa pili akae fundi anayesafisha visukuku kwa saa zake za kawaida. Makumbusho nyingi duniani hufanya hivyo, na watoto husimama pale kuliko mbele ya simba. Kando ya kila kisukuku kikubwa, mwandikeni aliyekiona, aliyekisafisha na aliyekiunganisha, kwa Kiswahili na kwa herufi za ukubwa uleule mnaoandikia jina la msomi aliyekitangaza.

Kuna jambo moja ambalo halihitaji kusubiri mwaka wa fedha. Nina wanafunzi wawili wa kidato cha tatu, mmoja anachora wadudu kwa ustadi unaonishinda, mwingine ana mikono mitulivu kama mtu mzima na hapendi kelele. Wote wawili wameniuliza kazi ya vyumba vya nyuma huombwa wapi, kwa cheti gani, na kama kuna nafasi za kujifunza wakati wa likizo. Nimetafuta maelezo hayo ili niwabandikie kwenye ubao wa matangazo. Naomba myatoe hadharani, yenye tarehe na jina la ofisi ya kupeleka maombi.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa Biolojia,
Machakos